Pampu ya maziwa: inunuliwe ipi, na ianze kazi lini

Pampu nyingi za kukamulia maziwa hununuliwa mimba ikiwa na miezi minane, hufunguliwa siku ya pili baada ya kujifungua, hutoa matone mawili, na mama hubaki akiamini kwamba hana maziwa. Anayo. Ameiwasha mashine siku ambayo haina kazi. Ndiyo maana aina za pampu zinazouzwa sana tunazipima hapa kwa kufuata umri wa mtoto, kwani pampu nzuri ya wiki ya sita inaweza kuwa bure kabisa siku ya kwanza.

Siku hizo za mwanzo titi hutoa dang'a, yale maziwa mazito ya rangi ya manjano. Ni kidogo kwa sababu mtoto mwenyewe anahitaji kidogo: siku ya kwanza mililita 5 hadi 7 kwa mlo mmoja zinamtosha. Dang'a inanata. Ukiikamua kwa mashine, sehemu kubwa hubaki imeganda kwenye faneli, yaani ule mdomo wa pampu unaokaa juu ya titi, na kwenye vali, na chupa inabaki kavu. Kifaa bora hapa ni mkono, na hakuna pampu inayoushinda. Nawa, weka dole gumba juu ya titi na vidole viwili chini, kama sentimita 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma nyuma kuelekea mbavuni, kisha bana, kisha achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi, wala chuchu yenyewe isivutwe, maana maziwa hayakai ndani ya chuchu. Matone yakikoma, zungusha vidole uende upande mwingine wa titi. Kinga kwa kijiko kisafi au uyafyonze kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake.

Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni, anayeshika titi vizuri, anayelowesha nepi na kuongezeka uzito hahitaji pampu yoyote mpaka wiki ya nne hadi ya sita. Titi hutengeneza kulingana na yanayotoka. Maziwa yakibaki ndani, uzalishaji hupungua, yakitolewa, huongezeka. Katika wiki hizo za kwanza mwili unajifunza kiasi cha mtoto huyu mmoja. Ukikamua mara tatu kwa siku juu ya kunyonyesha, unauambia kwamba watoto ni wawili, nao unatii: matiti yanajaa kupita kiasi, mtoto anapaliwa na maziwa yanayotoka kwa kasi, mirija ya maziwa inabanwa na uvimbe, na titi linaweza kupata uambukizo. Hapo zamani mama mwenye uvimbe wa titi aliambiwa akamue mpaka titi liwe tupu. Mwongozo wa kitaalamu wa mwaka 2022 umelipindua shauri hilo: mtoto anyonye kama kawaida, sehemu yenye uvimbe ipozwe kwa kitu cha baridi, na kukamua kwa ziada kuachwe. Pampu yenye nguvu mikononi mwa mama mwenye maziwa mengi inaweza kuwa ndiyo chanzo cha tatizo.

Kati ya siku ya tatu na ya tano, maziwa yanapoingia kwa wingi, titi linaweza kuwa gumu kiasi kwamba mtoto anashindwa kulishika. Kamua kwa mkono dakika moja au mbili tu, mpaka sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ilainike, kisha mpe mtoto. Kuendelea mpaka usikie nafuu kamili ni kuagiza mengine ya kesho.

Hesabu hubadilika kabisa kwa mtoto njiti, mtoto aliyelazwa mbali na mama, au mtoto ambaye kwa sababu yoyote hawezi kunyonya. Huyu hangojewi wiki sita. Kukamua kunaanza ndani ya saa moja baada ya kujifungua ikiwezekana, au walau ndani ya saa sita, na kunafanyika mara 8 hadi 12 katika kila saa 24. Mara moja lazima iangukie kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, huwa juu usiku. Siku mbili tatu za kwanza kamua kwa mkono, au kwa mashine kisha umalizie kwa mkono. Lengo ni kufikisha angalau mililita 500 kwa siku ifikapo mwisho wa wiki ya pili, na 750 ni bora zaidi. Mama aliyechelewa wiki mbili za mwanzo huhangaika baadaye kufidia, na mara nyingi haifidiki yote. Makundi mengine yanayoanza mapema ni mama wa mtoto aliyepungua uzito kupita kiasi baada ya kuzaliwa, au aliyelala mno hata hanyonyi kwa nguvu. Hao waanze wakiwa na mkunga au mtaalamu wa unyonyeshaji anayempima mtoto.

Kwa akina mama hawa wanaoanza mapema pampu inayostahili ni ya umeme ya kukamua matiti yote mawili kwa pamoja, na kama ipo, ile kubwa ya hospitali. Medela Symphony ni mfano unaofahamika: imetengenezwa itumiwe na akina mama wengi, kila mmoja akiwa na faneli na mirija yake, na ina programu maalumu ya siku za mwanzo inayoiga namna mtoto mchanga anavyovuta na kupumzika. Ni nzito na ghali. Kuikodi kwa mwezi mmoja au miwili kuna maana zaidi kuliko kuinunua.

Kwa mama anayerudi kazini, pampu ya umeme ya kawaida inatosha, na kati ya hizo Spectra S1 na S2 zina sifa tunazotafuta. Mota ni ile ile. Tofauti kubwa ni kwamba S1 ina betri ya kuchaji ndani, S2 inafanya kazi ikiwa kwenye soketi tu. Nguvu ya kuvuta na kasi ya mizunguko hurekebishwa kila moja peke yake, jambo ambalo pampu nyingi za bei rahisi hazina. Ina hali ya kuamsha, inayovuta haraka na kwa wepesi kama mtoto anavyoanza, na hali ya kukamua, inayovuta polepole na kwa kina. Tena ni ya mfumo uliofungwa: kati ya chupa na mrija kuna kizuizi, hivyo maziwa hayawezi kuingia kwenye mota na kuotesha ukungu mahali usipopaona. Kasoro yake ni umbo la mviringo lisilokaa vizuri kwenye mkoba, na hadhi ya kubebeka inayosifiwa ni ya S1 peke yake.

Namna ya kuitumia: anza na hali ya kuamsha kwa dakika mbili, au mpaka uone maziwa yakitiririka. Hamia kwenye kukamua. Pandisha nguvu hatua kwa hatua mpaka usikie mvuto usiopendeza kidogo, kisha rudi chini hatua moja. Hapo ndipo pako. Kuna imani kwamba nguvu ya juu kabisa hutoa maziwa mengi. Maumivu yanazuia oksitosini, ambayo ndiyo homoni inayoyashusha maziwa, kwa hiyo utavuta sana na kupata kidogo. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Katikati au mwishoni maziwa yakipungua, bonyeza kitufe cha kuamsha tena yashuke mara ya pili.

Anza zoezi hili wiki mbili hadi tatu kabla ya siku ya kurudi kazini, mara moja kwa siku, asubuhi, dakika 30 hadi 60 baada ya mtoto kunyonya na walau saa moja kabla ya mlo wake unaofuata. Usishangae ukipata mililita 30 kwa matiti yote mawili: hayo ni masalia baada ya mtoto kushiba. Mlo mzima wa mtoto wa mwezi mmoja hadi sita huwa kati ya mililita 60 na 150, na kwa siku hunywa wastani wa mililita 750. Kiasi hicho hakiongezeki sana hata akikua. Akiba ya siku mbili tatu inatosha. Friza iliyofurika haihitajiki, ingawa picha zake hupendwa sana.

Pampu ya mkono, kama Medela Harmony, tunaipa alama za juu kuliko inavyopewa kwa kawaida. Haina betri, haina kelele, ina vipande vichache vya kuosha, na mpini wake una hatua mbili, ya kuamsha na ya kukamua. Kwa mama anayekamua mara moja au mbili kwa siku, au anayetaka kulegeza titi safarini, hakuna sababu ya kununua mota. Ikizidi mara tatu kwa siku, kiganja kitalalamika.

Kikombe cha silikoni, maarufu kwa jina la Haakaa, hakikamui kwa maana halisi. Unapindua ukingo wake nje, unaminya tumbo lake, unakibandika kwenye titi la pili wakati mtoto ananyonya la kwanza, nacho kinavuta mfululizo bila kupumzika. Kinakusanya maziwa ambayo yangelowesha nguo, na hapo ni kizuri. Ubaya wake huwa hausemwi: kikitumiwa kila mlo tangu wiki ya kwanza, kinakuwa mtoto wa pili asiyeshiba, na titi linaanza kuzalisha kwa ajili yake. Pia mtoto akihamia upande huo anakuta pamepungua, analia, na mama anadhani maziwa yamekauka. Kitumie mlo mmoja kwa siku, baada ya wiki ya nne, na usikiminye kwa nguvu. Jihadhari na teke la mtoto. Kikimwagika hakuna cha kuokoa.

Pampu za kuvaa ndani ya sidiria zinavutia kwa macho na zinaokoa muda, lakini zinapoteza alama kwetu kwa sababu tatu. Mota yake ni ndogo. Chuchu haionekani vizuri, hivyo ikikaa pembeni kidogo hutajua mpaka uone maziwa machache au kidonda. Na ukiinama kuokota kitu, mengi humwagika. Zinafaa kama pampu ya pili kwa mama ambaye maziwa yake yameshakaa sawa, baada ya wiki ya kumi au kumi na mbili. Kuanzisha maziwa ya mtoto njiti kwa pampu ya kuvaa ni kuipa pampu hiyo kazi nzito isiyoiweza.

Malalamiko mengi kuhusu pampu yoyote huishia kwenye faneli. Ile ya milimita 24 inayokuja ndani ya boksi ni kubwa mno kwa akina mama wengi. Pima upana wa chuchu yenyewe kwa rula kwenye shina lake, bila kuhesabu sehemu nyeusi, kabla ya kunyonyesha. Ongeza milimita 0 hadi 3. Chuchu ya milimita 16 itafaa kwenye faneli ya 16 hadi 19. Ikiwa ndogo, chuchu husugua ukuta na kutoka nyeupe kwenye ncha. Ikiwa kubwa, nyama nyeusi huvutwa ndani ya mrija, uvimbe huja, na maziwa hupungua. Chuchu hubadilika, kwa hiyo pima tena baada ya mwezi.

Pampu ikianza ghafla kuvuta kwa unyonge, usikimbilie fundi. Angalia vali, kile kipande laini chenye mdomo wa bata. Mdomo ukibaki wazi hata kidogo unapoushika mbele ya mwanga, umekwisha. Kwa anayekamua mara nyingi kwa siku, vali hubadilishwa kila mwezi au miwili. Kuisugua kwa brashi huichana. Kisha kagua kama mrija umekaa sawa na kama kizuizi kina ufa. Mrija wenyewe hauoshwi ila maziwa yakiingia. Ukiwa na unyevu, acha mashine iendelee dakika chache bila chupa mpaka ukauke. Ukiona madoa meusi, tupa. Vipande vinavyogusa maziwa vioshwe kila mara kwa maji ya moto na sabuni ndani ya beseni lake lenyewe, si kwenye sinki, na kwa mtoto wa chini ya miezi miwili au njiti vichemshwe dakika 5 kila siku.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25 za Selsiasi, siku 4 ndani ya friji, na miezi 6 kwenye friza, ingawa hadi miezi 12 yanakubalika. Gandisha mililita 60 hadi 120 kwa mfuko mmoja. Yaliyoyeyushwa ndani ya friji yatumike ndani ya saa 24, na yaliyobaki chupani baada ya mtoto kunywa yamwagwe baada ya saa 2. Yakinuka kama sabuni baada ya kuyeyuka si mabovu. Ni kimeng'enya kinachovunja mafuta. Mtoto akiyakataa, maziwa mapya yapashe mpaka viputo vidogo vitokee pembeni ya sufuria, yapoze haraka, kisha ndipo uyagandishe.

Kwa anayefikiria pampu iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine: ya mfumo wazi, ambayo hewa ya mota hugusa maziwa, iache hata ikitolewa bure, kwa sababu ndani haiwezi kuoshwa. Ya mfumo uliofungwa inaweza kuzingatiwa ikiwa utanunua faneli, vali, vizuizi na mirija vipya vyote, na ukiwa tayari kuikuta mota imechoka baada ya miezi mingi ya kazi.