Mashine ya kuosha tapi la vitanzi: ipi ununue Lubumbashi

Tapi (zulia) la vitanzi uzi wake haukukatwa: unapanda, unapinda, unarudi chini, safu nzima hivyo hivyo. Ndiyo maana linavumilia miguu ya sebuleni, na ndiyo maana vumbi jekundu la Lubumbashi likishateremka hadi kwenye shina la kitanzi halitoki kwa kusugua. Linatoka kwa kuvutwa pamoja na maji. Kwa hiyo mashine tumezipanga kwa nguvu ya kuvuta, si kwa uzuri wa brashi.

Ya kwanza ni ile inayonyunyiza na kuvuta kwa mpira mrefu na mdomo bapa, bila brashi inayozunguka. Puzzi 10/1 ya Kärcher ni ya aina hii: lita 10 za maji safi, 9 za machafu. Ni mashine ya wenye kazi ya kuosha, bei yake inauma. Ndugu watatu wakichanga, inaeleweka. Kwa sebule moja, ndogo yake yenye tangi la lita 4 inatosha.

Ya pili ni ile ndogo ya kubeba kwa mkono. Kwa doa la chai au kiti cha gari ni nzuri sana. Kwa chumba kizima utachoka kujaza maji.

Ya tatu ni ya kusukuma, yenye brashi inayozunguka. Inunue tu kama brashi ina swichi yake ya kuzima. Nywele za brashi zikinasa kitanzi kimoja kilicholegea, uzi unafumuka safu nzima kama sweta. Ukiona uzi umechomoza, usiuvute: ukate kwa mkasi usawa na wenzake.

Ya mwisho ni ya mvuke. Inalowesha, haivuti kitu. Kwa tapi hili ni hasara.

Dukani omba wakuwashie mashine. Mwaga glasi ya maji kwenye kipande cha tapi, vuta mara tatu polepole, kisha pima yaliyorudi tangini. Yasipofika nusu, iache. Soma pia kibati cha nyuma: ya Marekani iliyoandikwa 120 V itaungua kwenye prizi yetu ya 220 V. Uliza kama mipira ya kuzibia, filta na mdomo vinauzwa peke yake; mpira ukipasuka hewa inapita, mvuto unakwisha, na watu wanalaumu mota bure.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukishuka, mvuto nao unashuka na maji yanabaki chini. Stabilizateri ya televisheni haiwezi mota ya wati 1250. Kwa jenereta, tafuta ya 2.5 kVA, maana mota inaomba zaidi inapoanza.

Kabla ya maji, vuta vumbi kavu kwa njia mbili, urefu na upana, brashi ikiwa imezimwa. Vumbi likilowa ni tope. Sabuni iwe ya tapi isiyo na povu jingi, kwa kipimo cha chupa. Ile ya unga ya kufulia inajaza povu tangini, povu linaingia kwenye mota, na mabaki yake yanashika vumbi jipya ndani ya wiki. Tapi la sufu lioshwe kwa maji baridi au vuguvugu tu. Nyunyiza mara moja, vuta mara tatu bila maji.

Doa likirudi kesho yake, usiongeze sabuni. Maji yaliyobaki chini yanapanda yakikauka na kubeba uchafu hadi juu. Nyunyiza maji matupu kidogo, vuta hadi mdomo usilete tone, kisha lalisha taulo jeupe lenye kitu kizito juu hadi asubuhi.

Osha asubuhi, katika kiangazi, Mei hadi Septemba. Wakati wa mvua mgongo wa juti unakaa na maji, unatoa rangi ya kahawia na harufu. Lakini kiangazi ndicho chenye vumbi: fungua madirisha ya upande wa uwani, ya barabarani yafunge mpaka tapi likauke.