Tuisheni ya Kireno Magomeni Mtwara: mwalimu yuko vizuri, makaratasi ndo tatizo

Kama una mtoto wa sekondari na unataka ajue Kireno cha kueleweka, hii tuisheni mi naipa 7 kwa 10, na hizo 7 zote ni za mwalimu. Huku kwetu Kireno si cha mbali, ukivuka Ruvuma pale Kilambo au ukipita Daraja la Umoja kule Mtambaswala ushaingia Msumbiji, Kimakonde kitakufikisha kwa ndugu zako ila ofisini ni Kireno.

Alichonifurahisha hawapi watoto jina likiwa peke yake. Nyumba ni "a casa", kitabu ni "o livro", na mtoto akijibu "casa" tupu mwalimu ananyamaza anamtazama mpaka aongeze. Sasa watoto wamezoea "the" ya Kiingereza, moja kwa kila kitu, walivyokutana na nne zinazobadilika kufuata jina, o, a, os, as, wakaanza kulalamika, akawaambia nyie kila siku mnasema kitabu changu, viti vyangu, nyumba yangu, hakuna anayekosea, nne tu ndo zinawaliza? Darasa zima kicheko. Na hawadanganyi kwamba kila kinachoishia na a kinachukua "a", mapema tu kawapa "o dia" (siku) na "o mapa" (ramani), upande wa pili "a mão" (mkono) inayoishia na o, mkariri hivyohivyo msibishane.

Siku niliyokaa nyuma kusikiliza walikuwa kwenye "O livro está na mesa". Mwanangu akajibu kwa kujiamini kabisa, kitabu na meza! Kiukweli hata mi ningejibu hivyo. Mwalimu akaandika em (yaani kwenye) + a kwa chaki nyekundu, akazungushia, chini yake "na", yaani kitabu kiko mezani, halafu em + o ikawa "no". Akamalizia na nchi, unasema "no Brasil" ila "em Moçambique", maana Msumbiji yenyewe haitaki hiyo o wala a mbele. Jioni mtoto anatuimbia hayo jikoni mpaka dada yake kayashika.

Sasa makaratasi. Wanauza kopi kwa shilingi 1,000 na ni kopi ya kopi, wino umefifia, kwenye "Vou à escola" (naenda shuleni) ile alama juu ya à haionekani kabisa na wakati ndo somo lenyewe la siku hiyo, a mbili zimeungana, ile ya kwenda na ile ya jina, mtoto ataijuaje? Kuna kurasa hata o na a huzitofautishi. Nimeshamwambia mhusika wa kopi, anasema mashine. Mazoezi nayo yanakaa wiki hayajasahihishwa, na chumba ni bati tupu bila dari, saa tisa alasiri jasho linadondokea daftari.

Ada ni 25,000 kwa mwezi, ukiomba kulipa nusunusu wanakubali. Mtoto aende na daftari kubwa anakili ubaoni, hizo kopi msinunue.