Ducati Desmosedici GP23: mashine moja, mikono minne

Mwaka 2024 Ducati iliwapa waendeshaji wanne wa MotoGP, daraja la juu kabisa la mbio za pikipiki duniani, pikipiki ya toleo moja, Desmosedici GP23, yaani ile ya msimu wa 2023. Timu ya Gresini ilikuwa na Marc Márquez na mdogo wake Álex. Timu ya VR46 ilikuwa na Marco Bezzecchi na Fabio Di Giannantonio. Injini ile ile, chesisi ile ile, na data za kila mmoja zikiwa wazi kwa wenzake. Msimu ulipoisha, Marc alikuwa wa tatu duniani kwa pointi 392. Álex alishika nafasi ya nane kwa pointi 173, Di Giannantonio ya kumi kwa 165 (alikosa mbio mbili za mwisho kwa ajili ya upasuaji wa bega), na Bezzecchi ya kumi na mbili kwa 153.

Ni mara chache sana mchezo huu unatupa kipimo safi namna hii. Ubishi wa kila siku, kama anayeshinda ni mtu au ni chuma, kwa kawaida hauna pa kushikia kwa sababu kila mtu anapanda chuma chake. Hapa chuma ni kimoja. Kwa hiyo tunaipima GP23 kama chombo cha kazi: inafanya nini vizuri, inakosea wapi, kwa nini, na inamfaa nani.

Kwanza, kilichomo. Injini ni V4 ya nyuzi 90 (silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V), sentimita za ujazo 1000, na shafti yake kuu huzunguka kinyume na magurudumu ili kupunguza tabia ya tairi la mbele kunyanyuka. Valvu hazifungwi na springi bali na mkono wa chuma unaosukumwa na shafti ya valvu; ndiyo desmo inayoipa pikipiki jina lake. Ducati hutaja nguvu za farasi zaidi ya 250. Kanuni zinataka uzito usiopungua kilo 157 na mafuta yasiyozidi lita 22 kwa mbio nzima. Breki za mbele ni diski za kaboni za Brembo, zenye kipenyo cha milimita 320, 340 au 355 kulingana na uwanja. Gia huingia bila nguvu kukatika. Kompyuta ya injini na programu yake ni za Magneti Marelli, na tangu 2016 ni zile zile kwa viwanda vyote, kwa hiyo usitafute siri ya Ducati humo.

Katika msimu wake wa kwanza, 2023, toleo hili lilishinda mbio 13 kati ya 20: Francesco Bagnaia 7, Jorge Martín 4, Enea Bastianini 1 na Johann Zarco 1. Bagnaia akatwaa ubingwa. Ukikodishiwa pikipiki yenye rekodi hiyo mwaka unaofuata, una kila sababu ya kudhani umepata mali.

Ili kuelewa kwa nini watatu kati ya wanne hawakuipata mali hiyo, igawe kona vipande vitatu.

Kipande cha kutoka ni cha mashine. Mwendeshaji akianza kufungua mafuta, kompyuta inasoma mlalo wa pikipiki, kasi ya kila gurudumu, gia iliyopo na nafasi ya mkono wake, kisha inaamua injini itoe msukumo kiasi gani. Tairi la nyuma likianza kuteleza kupita kiasi, inapunguza. Tairi la mbele likinyanyuka, inapunguza pia. Fundi wa data anaweza kuweka msukumo tofauti kwa kona namba 3 na kwa kona namba 7. Juu ya hapo kuna kifaa cha kushusha sehemu ya nyuma: mwendeshaji anabonyeza, pikipiki inachuchumaa, uzito unakaa chini, na injini inaweza kusukuma zaidi bila pua kupaa. Kifaa hiki hakina umeme, ni mitambo na haidroliki tu, kwa kuwa shokapu za kielektroniki zimepigwa marufuku. GP23 kwenye kipande hiki ni bora mno. Waendeshaji wote wanne waliondoka kwenye kona kwa nguvu. Huko hakuna aliyelalamika sana.

Katikati ya kona ni pa wote wawili, mashine na mtu, na hatutakaa hapo.

Kipande cha kuingia ndicho chenye kesi. MotoGP hairuhusu breki za kuzuia magurudumu kujifunga, zile ambazo siku hizi zipo hata kwenye pikipiki za barabarani. Mwendeshaji anatoka kasi inayopita kilomita 300 kwa saa, anabana lever kwa vidole viwili, tairi la nyuma linakaribia kuachana na lami, na wakati huo huo anaanza kuilaza pikipiki huku akiachia breki kidogo kidogo. Diski za kaboni zenyewe hazisamehe: zikipoa chini ya nyuzi 250 hivi hazishiki sawasawa, kwa hiyo ukibana ukiwa na diski baridi hupati kitu, halafu ghafla unapata nyingi. Kompyuta inamsaidia kwa jambo moja tu, kudhibiti jinsi injini inavyozuia gurudumu la nyuma mafuta yakifungwa. Mengine yote ni vidole, makalio na macho.

Na hapo ndipo GP23 ilipoharibika mwaka 2024, bila mtu yeyote kuigusa. Michelin walileta tairi jipya la nyuma linaloshika lami zaidi. Toleo jipya la kiwanda, GP24, lilifanya urafiki na tairi hilo mapema. GP23 ilikuwa imebuniwa kwa tairi la zamani. Matokeo yake, mwendeshaji akiingia kona akiwa amelaza pikipiki, tairi la nyuma linashika vizuri mno na kuisukuma pikipiki mbele, kama mtu aliyesukumwa mgongoni akijaribu kupinda. Tairi la mbele linabeba kazi mbili, kusimamisha na kupinda, na linaelemewa. Ama pikipiki inapanuka kwenda nje ya mstari, ama pua inafunga, yaani tairi la mbele linapoteza mshiko, na mtu yuko chini.

Tiba za karakana zipo, na kila moja inadai malipo yake. Ukiinua sehemu ya nyuma, pua inapata uzito na inapinda, lakini pikipiki inayumba wakati wa kubana breki. Ukirudisha uzito nyuma, inatulia kwenye breki, ila haipindi. Ukiongeza kizuizi cha injini, gurudumu la nyuma linaanza kurukaruka. Ukimwambia mwendeshaji abane breki mapema zaidi, tatizo linapungua, na muda unapotea kwenye kila kona ya uwanja.

Bezzecchi ndiye mfano wa kusikitisha zaidi. Mwaka 2023, akiwa na GP22 ya mwaka mmoja nyuma, alishinda Argentina, Ufaransa na India, akamaliza wa tatu duniani kwa pointi 329. Akapewa toleo jipya zaidi, lile lililompiku mwaka huo, na pointi zake zikapungua hata nusu hazikufika. Kipaji chake hakikuyeyuka wakati wa baridi. Namna yake ya kuingia kona ilitegemea kuliamini tairi la mbele, na pikipiki ikamnyima imani hiyo. (Mwaka 2025, akiwa Aprilia, alirudi kushinda.)

Marc alitatua nini? Yeye huingia kona akiiacha sehemu ya nyuma itoke pembeni, akitumia ule mtelezo wenyewe kuua mwendo. Tairi la nyuma linaloteleza haliwezi kusukuma. Kasoro ya mashine anaivunja kabla haijaanza kazi. Wenzake waliiona hatua hiyo kwenye data, mstari kwa mstari, lakini mchoro wa kompyuta unaonyesha shinikizo la breki na nyuzi za mlalo; hauonyeshi ni wakati gani mkono wenyewe unajua kwamba pua itafunga. Hata yeye ilimchukua hadi Septemba kushinda.

Ushindi huo wa kwanza, uwanja wa Aragón, Hispania, tarehe 1 Septemba 2024, una somo la kiufundi. Uwanja ulikuwa na lami mpya, chafu, isiyoshika. Kwa maoni yetu hilo lilimfaa mara mbili: kona nyingi pale ni za kushoto, upande anaotisha zaidi, na tairi la nyuma lililokosa mshiko halikuwa na nguvu ya kuisukuma pua. Kasoro kubwa ya GP23 ililala siku hiyo. Wiki moja baadaye akashinda Misano, Italia, akianzia nafasi ya tisa, pale matone ya mvua yalipoanguka na wa mbele wakapunguza mwendo. Matone machache ya mvua huondoa farasi wengi kwenye hesabu.

Phillip Island, Australia, Oktoba, ndiyo inayotushawishi kabisa. Kuanza mbio kwenye mashine hizi ni utaratibu wa hatua: unafunga kifaa cha mbele na cha nyuma ili pikipiki ikae chini, unawasha programu ya kuondokea, unashikilia mafuta, unaachia klachi kwa mpangilio, kisha breki kali ya kona ya kwanza ndiyo inayofungua kifaa cha mbele. Hatua moja ikikosewa, mbio zimeharibika. Kifaa kikikataa kufunguka, pikipiki haipindi. Marc alifanya yote, ila gurudumu lake la nyuma lilikanyaga karatasi ya plastiki inayobanduliwa kwenye kioo cha helmeti, likazunguka tupu, na kundi likampita. Alirudi mmoja baada ya mwingine na kumpita Martín, bingwa wa mwaka huo aliyekuwa juu ya GP24, mizunguko michache kabla ya mwisho. Mwaka huo Ducati ilishinda mbio 19 kati ya 20. GP24 ilichukua 16, na hizo tatu za GP23 zote ni za mtu mmoja.

Jambo jingine la kuangalia kwa anayeiendesha ni upepo wa tairi la mbele. Kanuni ya 2024 ilitaka usiwe chini ya bari 1.8 kwa asilimia 60 ya mizunguko ya mbio kuu. Ukikosea unaongezewa sekunde 16. Ukikimbia peke yako mbele, hewa inalipoza tairi na upepo unashuka. Ukikaa nyuma ya mwingine, joto la injini yake linaupandisha, tairi linavimba na mshiko unapungua, na hilo kwenye GP23 ni balaa kwa sababu pua yake ilikuwa dhaifu tayari. Fundi anakisia asubuhi, mwendeshaji anasahihisha mchana. Buriram, Thailand, mwaka 2025, akiwa na GP25, Marc aliyekuwa akiongoza alimwachia Álex apite makusudi, akakaa nyuma yake hadi upepo ukapanda, kisha akampita mwishoni. Taa ya onyo kwenye dashibodi ni teknolojia. Uamuzi wa kuachia uongozi ukiwa na uhakika wa kuurudisha hauuzwi na kiwanda chochote.

Alama zetu kwa GP23 ya mwaka 2024: kutoka kona na mwendo wa barabara iliyonyooka, 9 kwa 10, kubana breki wima, 8, kuingia kona ukiwa umelala, 5, na 7 kwenye lami isiyoshika.

Inamfaa nani? Mwendeshaji anayegeuza kwa kutumia gurudumu la nyuma na asiyeogopa likitoka pembeni. Anayejenga mzunguko wake juu ya tairi la mbele, timu yake ingefanya vyema kuuliza kwanza kama tairi la nyuma la msimu ujao litabadilika, kabla ya kuuliza pikipiki ilishinda mbio ngapi. Toleo la mwaka uliopita si lazima liwe baya: mwaka 2025 Álex aliichukua GP24 iliyotumika, akashinda mbio 3 na kumaliza wa pili duniani, huku Bagnaia, bingwa mara mbili wa MotoGP, akimaliza wa tano juu ya GP25 mpya kabisa ya kiwanda, pikipiki ambayo Marc alishindia mbio 11 na ubingwa kutoka upande wa pili wa gereji ile ile.