Tripu ya Arabuko-Sokoke na Mida Creek: ombeni mwongozaji wa Kigiriama

Mwezi Machi tulipeleka gredi 5 msitu wa Arabuko-Sokoke halafu tukamalizia hori ya Mida, na walimu wenzangu wa bara ya Kilifi nawaambia nendeni, pesa ya wazazi haitapotea, ila mkipiga simu kubuki itisheni mapema mwongozaji atakayeongea na watoto kwa lugha ya nyumbani kwao. Mimi hilo ndilo naliandikia hii yote.

Shule yetu iko upande wa Ganze. Watoto wengi ni Wagiriama, wachache ni Waata, wale watu huwaita Wasanya. Mpaka gredi 3 tunafundisha kwa lugha ya nyumbani, ikifika gredi 4 ni Kiingereza na hapo mtoto aliyekuwa anaongea sana anaanza kuangalia chini. Mwaka juzi tulienda tripu sehemu nyingine, siitaji, mwongozaji akatwanga Kiingereza kuanzia getini mpaka tunapanda basi, watoto wangu kimyaa, kesho yake nikiuliza mmejifunza nini wananiambia soda ilikuwa baridi.

Sasa hii. Tuliingia upande wa Gede asubuhi mapema jua halijakaza. Huu msitu ni kama kilomita mraba 420 na ndio mkubwa uliobaki wa aina yake pwani yote ya Afrika Mashariki, lakini mwongozaji hakuanza na hizo namba, alisimama chini ya mti wa mrihi akauliza kwa Kigiriama huu muhi kwenu mnaufanyia nini. Weee! Mikono ilivyoinuka! Mmoja akasema gome lake linatoa kamba, msichana ambaye muhula mzima sijasikia sauti yake akasema tsawe wake, yaani babu yake, anatengenezea mizinga ya nyuki, akaeleza mpaka vile gome linavyobanduliwa, na mwongozaji akamuuliza sasa ukibandua pande zote mti unakuwaje, mtoto akafikiria akajibu unakufa, na somo likaendelea kutoka hapo wao wenyewe wakijadiliana, mimi mwalimu nimesimama tu pembeni.

Halafu tukaona sange! Yule mwenye pua ndefu na makalio ya manjano, ukubwa kama sungura mdogo, anapatikana hapa pwani yetu ya Kenya tu na hayupo pengine popote duniani. Alipita shwaa kwenye majani makavu. Kijana mmoja akasema kakake huwa anawatega. Nilishtuka nikadhani atagombezwa, lakini mwongozaji akachuchumaa akamwambia pole pole hawa wanaishi wawili wawili, dume na jike wake kwenye eneo lao, ukimtega mmoja yule mwingine anabaki peke yake. Kijana alinyamaza njia yote. Kwenye basi akaniambia, tichaa, nitamwambia kakangu.

Kilichonigusa zaidi ni huyu mtoto wetu wa Kiwaata. Kigiriama anaelewa lakini haongei sana, wenzake humcheka matamshi. Mwongozaji akasema wazee wanasimulia kwamba hili jina Arabuko limetoka kwa lugha ya Waata, kuna neno la ndovu ndani yake, nani analijua? Kimya. Halafu huyu mtoto akasema kwa sauti ndogo, arba. Darasa zima likageuka. Akaulizwa babu zake walikuwa wanawinda ndovu na nini, akanyoosha mikono kuonyesha upinde ulivyo mkubwa, na wale waliokuwa wakimcheka sasa wanamuuliza maswali yeye badala ya mwongozaji. Ndio maana nimetoa nyota nne, ya tano naishikilia mpaka siku kutakuwa na mzee wa Kiwaata wa kutembea na watoto, maana neno moja halitoshi na wale wazee wanajua huu msitu kuliko kitabu chochote nilicho nacho.

Banda la vipepeo la Kipepeo pale Gede tulipita haraka, ni zuri, mradi uko tangu 1993 na wakulima wa kando ya msitu wanafuga viwavi wanauza pupa (kiwavi akijifunga kabla hajawa kipepeo) nje ya nchi.

Mida nendeni maji yakiwa yamekupwa, angalieni kalenda ya maji kupwa na kujaa kabla ya kukodi basi. Kuna daraja la mbao linalobembea katikati ya mikoko, na pesa ya kiingilio inasaidia karo za sekondari za watoto wa kando ya msitu. Watoto wangu wengi hawajawahi kuona bahari, mmoja akachovya kidole akalamba akapiga kelele "madzi ga munyu!" yaani maji ya chumvi. Walionyeshwa mizizi ya mchu, aina moja ya mikoko, inayochomoza kwenye tope kama penseli ili mti upumue, na mbegu za mkoko zinazoanza kuota zikiwa bado juu kwa mama yao halafu zinadondoka. Ndege walikuwa wengi, wale wa kutoka Ulaya na Asia ambao ikifika Aprili hivi wengi wanarudi kwao.

Bebeni kofia na maji mengi, kule mwisho wa daraja hakuna kivuli. Karatasi za maswali tulizopewa na mfadhili mmoja zilikuwa za Kiingereza zote, niliziacha kwenye basi nikawaambia wachore walichoona na waandike majina kwa lugha wanayotaka. Michoro yao iko ukutani darasani sasa, na ule wenye ndovu umeandikwa arba.