Ridgefield wakati wa baridi: usishuke garini

Kusema kweli, sharti la kwanza halikunipendeza. Kwenye barabara ya mzunguko ya River S, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Wanyamapori ya Ridgefield, jimbo la Washington nchini Marekani, huruhusiwi kushuka garini kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, isipokuwa sehemu chache zilizotengwa. Mimi nilikuwa nimetoka mji wa Portland, jimbo jirani la Oregon, mwendo wa nusu saa hivi, nimevaa buti na makoti mawili, tayari kutembea. Nikalipa dola 3 za gari, nikaingia.

Haikupita muda nikalielewa. Barabara ni ya changarawe, ya kwenda upande mmoja, karibu kilomita 7, na inapita katikati ya madimbwi. Niliegesha pembeni, nikazima injini, nikateremsha kioo. Bata maji watatu, wale weupe wa shingo ndefu, walikuwa hatua kama kumi na tano kutoka mlangoni kwangu, wala hawakushtuka. Mmoja alizamisha shingo yote, akaitoa imejaa tope hadi usoni, maji yakichuruzika kwenye mdomo wake mweusi. Lile doa dogo la manjano mbele ya jicho, ambalo bata maji wa aina iitwayo tundra wengi huwa nalo, nililiona bila darubini.

Gari wamelizoea. Wanachokikimbia ni umbo la mtu aliyesimama. Mbele yangu dereva mmoja alifungua mlango apige picha, na kabla hata mguu haujagusa chini, dimbwi zima likaruka. Iliniuma. Ndege aliyekuja huku kupitisha baridi anajiwekea mafuta ya safari ya kurudi kaskazini, na kila akirushwa bure anayachoma.

Halafu kuna sauti. Bata bukini wanapoinuka kwa maelfu kwa sababu tai kapita, gari zima linajaa kelele na husikii hata unachosema mwenyewe. Novemba 1805 Kapteni William Clark, mvumbuzi Mmarekani aliyekuwa safarini kuelekea Pasifiki, alilala maeneo haya haya ya mto Columbia, akaandika kwamba ndege wa majini walimnyima usingizi. Namwamini kabisa.

Kilichonigusa zaidi ni chanzo cha hifadhi yenyewe. Machi 27, 1964 Alaska ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 9.2, na delta ya mto Copper ikainuka takriban mita 2. Huko ndiko wanakotaga bata bukini wa aina iitwayo dusky, wenye kifua cha kahawia iliyokolea. Kinamasi kikaanza kukauka, vichaka vikaota, wanyama wala mayai wakapata njia ya kufikia viota. Kwa kuwa ndege hao hushuka kupitisha baridi katika bonde la mto Willamette, kule Oregon, na sehemu ya chini ya mto Columbia, mwaka 1965 ardhi hii ikatengwa, angalau huku wasikose malisho. Kila nilipoona kifua cheusicheusi kwenye kundi nilisimama nikaangalia mara mbili.

Sehemu ya River S imezungushiwa matuta na maji yake husimamiwa na watu. Upande wa Carty, sehemu nyingine ya hifadhi, umeachwa mto ufurike wenyewe, na huko unatembea kwa miguu, kwa hiyo buti zangu hazikuenda bure.

Ukienda, angalia kwanza saa za kufunga geti na siku za uwindaji, maana sehemu ya hifadhi huruhusu kuwinda bata kwa msimu. Vaa nguo nzito hata kama hutoki garini: kioo ni lazima kiwe wazi, la sivyo pumzi yako inakifunika ukungu na huoni kitu. Na usiondoke mapema. Mimi nilikuwa nimeshawasha injini, jua linazama, niliposikia mlio mzito wa kukwaruza kutoka juu. Nikazima. Korongo saba wa kijivu walipita juu ya paa la gari, miguu imenyooka nyuma, wakatua kwenye nyasi ng'ambo ya maji.