Gambuti la kifuani la wawindaji bata, kwenye tope la Tanga: uzoefu wangu

Huu ni msimu wa pili navaa gambuti la kifuani, na nimeshatumia mawili ya aina tofauti. Kwa asiyelijua, ni suruali isiyopitisha maji inayopanda mpaka kifuani, ina mikanda ya mabegani kama ovaroli, na miguuni imeungwa moja kwa moja na gambuti.

Nafuga mwatiko. Bwawa letu la familia liko upande wa Tongoni, nyuma ya mikoko, na maji ya bahari tunayaingiza kwa lango wakati wa bamvua. Siku za kuvua tunashusha maji, tunaingia na wavu, tunakokota. Zamani niliingia na bukta na viatu vya plastiki kama kila mtu. Magamba ya chaza yamenichana miguu mara nyingi, na kidonda cha tope la mikoko hakifungi upesi ukikiloweka tena kila kukicha. Ndiyo sababu nililitafuta vazi hili.

La kwanza nililipata kwa muuza mitumba Ngamiani, limetundikwa katikati ya makoti. "Kaka, hili ni la zimamoto," aliniambia. Si la zimamoto. Lilikuwa na rangi za matete makavu, vishikio vya risasi za bunduki kifuani, na mfuko mmoja mkubwa wenye manyoya ndani wa kupashia mikono joto. Ni la wawindaji bata wa Marekani. Nililitoa kwa shilingi 60,000, na kwa uzito wake nikadhani nimeokota dhahabu.

Wenzetu kule huwinda bata kuanzia majira ya kupukutika majani hadi katikati ya baridi. Mtu anaingia kwenye matete kabla ya alfajiri, anasimama majini saa nzima bila kusogea, pengine barafu imeganda ukingoni. Kwa hiyo gambuti lake hutengenezwa kwa neoprini, ule mpira wa sponji wa suti za wapiga mbizi, wenye vipovu vya hewa ndani vinavyozuia joto la mwili lisitoke. Langu lilikuwa na unene wa milimita 5, na buti zimeandikwa 1,000, yaani gramu za kitambaa cha joto kwa kila mita ya mraba. Mwindaji wa kule akichagua, baridi ndiyo inayomwongoza. Mimi nilichukua chombo kilichotengenezwa kunitunzia joto nikaingia nacho bwawani Tanga, mwezi wa pili, kaskazi inavuma.

Saa nne asubuhi nilikuwa nimelowa zaidi ya waliovaa bukta, na ni jasho tupu. Nilidhani limetoboka, nikalikagua mshono kwa mshono, halikuwa na tundu. Nilipoanza kuona kizunguzungu nilitoka nikakaa kivulini na kunywa maji. Neoprini sitamshauri mtu wa pwani hata akipewa bure, labda anayeingia usiku kwa muda mfupi.

Lakini joto halikunitisha kama buti. Mimi navaa 42, zile zilikuwa kama 44 au 45. Dukani zinaonekana sawa ukijaza soksi. Kwenye tope jeusi la mikoko hazifai kabisa: tope linanyonya buti, mguu wako unapanda ndani yake, buti inabaki chini. Siku moja karibu na lango, pale mkondo ulipochimba, mguu wa kushoto ulinasa namna hiyo nikaangukia ubavu. Na sikuwa na mkanda kiunoni, kwa sababu gambuti la mtumba lilikuja bila mkanda nami sikuona umuhimu wake.

Watu husema gambuti likijaa maji linakuzamisha kama jiwe. Si hivyo. Maji yaliyo ndani yana uzito uleule wa yaliyo nje, kwa hiyo ukiwa majini hayakuvuti chini. Kazi inakuja unapotaka kutoka, maana kila ndoo iliyoingia miguuni sasa unaibeba wewe. Nilishika tuta, nikajivuta, nikashindwa. Mpwa wangu alikuwa juu ya tuta akipiga kelele, "Mjomba, usivute! Zungusha kisigino!" Nilizungusha, maji yakaingia chini ya buti, tope likaachia. Kisha akanishika mikanda ya mabegani akanikokota kama gunia. Tangu siku hiyo mkanda mpana wa kiunoni, umekazwa nje ya gambuti, ni kitu cha kwanza navaa. Hauzuii maji yote, ila unayachelewesha na hewa kidogo inabaki miguuni. Muuzaji akikuuzia gambuti bila mkanda, nunua mkanda wa begi ufunge.

La pili niliagiza Dar, jipya, la nailoni iliyopakwa plastiki ya PVC, buti namba 42 kamili na soli ya meno marefu. Nililipa 120,000 na mzigo. Hili ndilo navaa sasa. Ni jepesi, halina sponji, na tope likikauka linabanduka lenyewe. Jasho bado lipo, ila naweza kufanya kazi saa mbili bila kuumwa kichwa. Ubaya wake ni ngozi nyembamba. Ile mizizi ya mchu inayochomoza kutoka ardhini kama misumari ilinitobolea goti nikiwa nalo mwezi wa tatu tu.

Nililipeleka kwa fundi baiskeli. Kiraka cha tyubu kilikaa siku mbili kwenye goti, kikabanduka chote, kwa sababu gundi ile ni ya mpira na PVC haishikani nayo. Kiraka kama hicho alichoweka kwenye buti, ambayo ni mpira, mpaka leo kipo. Kwa goti ilibidi nitafute gundi ya PVC na kipande cha kitambaa hichohicho. Tundu dogo usilihangaikie kwa macho: ingia chumba chenye giza usiku, tia tochi ndani ya mguu wa gambuti, palipotoboka patang'aa kama nyota.

Kuna aina ya tatu inayopumua, inayotoa mvuke wa jasho. Mtafiti aliyekuja kuhesabu ndege wa majini aliniazima lake kwa asubuhi moja. Ni laini mno. Ila hewa yetu yenyewe imejaa unyevu, mvuke haukimbii kama unavyokimbia kwenye nchi kavu na baridi, na viatu vyake vinanunuliwa peke yake na vina kamba. Mchanga uliingia kwenye kamba zile, nikatumia muda mrefu kuvivua kuliko kuvivaa. Kwa bei yake, namwachia mtafiti.

Na rangi? Ndege wanaona rangi vizuri, ndiyo maana mwindaji huvaa rangi ya matete. (Anayetaka kuwinda bata kweli, leseni kwanza, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ipo.) Mimi ningependa rangi ya chungwa, mpwa wangu anione kutoka mbali.

Binamu yangu analima mpunga Muheza, huwa namwazima hili la nailoni. Kwake lina faida nyingine: konokono wa kichocho wanaishi maji baridi, na gambuti linaziba ngozi. Bwawa langu la chumvi halina shida hiyo, lina shida ya kutu kwenye vifungo. Kila jioni nasuuza kwa maji ya kisima, nalitundika miguu juu chini ya mwembe, kivulini, kwa sababu jua na kukunjwa ndivyo vinavyopasua PVC.

Jambo moja sijalimaliza. Mke wangu na wenzake wananenepesha kaa kwenye mikoko hiyohiyo, na wao ndio wanaokatwa na chaza kila siku kuliko mimi. Anavaa 37. Wauzaji wote niliowapigia, namba ndogo kabisa waliyonayo ni 40, na nimeshaona tope linamfanya nini mtu mwenye buti kubwa. Aliyeona 37 au 38 mahali popote, Dar au Mombasa, anijulishe. Nitachukua tano.