Deki ya Blu-ray ya mtumba: uzoefu wangu hapa Tanga

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama TV yako ni ya inchi 32 na unaiangalia kutoka mbali, usijisumbue. Kama ni inchi 43 kwenda juu, na una filamu zako unazozirudia kila mara, deki ya Blu-ray, yaani ya zile diski za ukubwa wa DVD zinazobeba data nyingi zaidi, utaifurahia.

Yangu niliichukua mtumba, Ngamiani, laki na kidogo. Dukani usikubali kuonyeshwa taa imewaka halafu ukaambiwa nzima. Ugonjwa wa deki hizi ni leza. Ndani haiko moja: kuna nyekundu ya DVD na ya rangi ya buluu-zambarau ya Blu-ray, na moja ikifa nyingine inaweza kuendelea na kazi kama kawaida. Muuzaji anakuwekea DVD, inacheza safi, unalipa. Ukifika nyumbani Blu-ray inazunguka weee mpaka inakuandikia hakuna diski. Nenda na Blu-ray ya kujaribia.

Sasa picha. Kuna filamu ya dhoruba baharini nilikuwa nayo kwenye flashi, nimewekewa kwenye kibanda cha muvi. Kijana aliniapia: "Hiyo HD kabisa kaka, 1080!" Wala hakudanganya, pikseli ni zilezile 1920 kwa 1080 za Blu-ray. Ila filamu ya saa mbili ilikuwa na GB 1.5 tu. Piga hesabu: haifiki hata megabiti 2 za data kwa sekunde, sauti humohumo. Diski ya Blu-ray ya tabaka mbili inabeba GB 50, na video yake inaruhusiwa kupanda hadi megabiti 40 kwa sekunde.

Watu wakiwa wamekaa sebuleni wanaongea, tofauti huioni sana. Video inapobanwa, haihifadhiwi kila picha nzima nzima. Inawekwa picha kamili moja, zinazofuata yanaandikwa mabadiliko tu. Ukuta ulio nyuma ya mtu haubadiliki, kwa hiyo hauli nafasi. Mvua, moshi na povu la mawimbi ndiyo balaa, maana kila nukta inahama kila wakati, na nafasi ikiwa finyu vile vidogo vidogo vinatupwa. Kwenye flashi wimbi likipiga meli, povu linageuka vibonge vya mraba vinavyorukaruka. Kwenye diski ya Blu-ray ya filamu hiyohiyo nilisimamisha picha palepale: matone yanaonekana moja moja yakining'inia kwenye chuma cha ukingo, na kamba iliyolowa unaiona nyuzi zake.

Giza nalo lina kesi yake. Anga la usiku kwenye flashi lilikuwa na michirizi kama ngazi, kutoka kijivu kwenda cheusi. Diski imeipunguza sana lakini haijaimaliza, kwa sababu Blu-ray ya kawaida inatumia biti 8 kwa kila rangi, na biti zikiwa chache, hatua za kutoka mwanga kwenda giza nazo zinakuwa chache. Blu-ray ya 4K iliyotoka 2016 ndiyo yenye 10. Na diski zenyewe hazilingani. Nyingi za mwanzo, za 2006, zilibanwa kwa MPEG-2, njia ileile ya kubana video ya DVD. Ninayo moja ya namna hiyo, ina chengachenga ambazo zilizobanwa kwa njia mpya zaidi ya H.264 hazina.

Sauti sina la kusifia. Ile sauti isiyopunguzwa kitu inapita kwenye HDMI na inahitaji risiva ya sauti, siyo ile ya dishi. Mimi na sabufa yangu ya nyaya nyekundu na nyeupe napata stereo basi.

Wanangu hawajashawishika. Wanataka muvi yenye DJ anayetafsiri, na hiyo iko kwenye flashi. Siku ya Jumamosi mwenye rimoti ni wao.

Shida kubwa ni diski. Hapa mjini sijaona duka la kueleweka, naagizia watu wanaotoka Dubai. Diski hizi zimegawanywa kwa makundi ya maeneo ya dunia: Afrika tuko kundi B pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati, Marekani ni A, na deki haikubali diski iliyofungwa kwa kundi jingine. Mwambie mtu wako ageuze kasha aangalie nyuma: iwepo B, au ABC zote. Ikiwa imeshatumika aikague na mikwaruzo pia, maana data ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu kutoka usoni, wakati ya DVD iko 0.6. Ina ngozi ngumu ya kuikinga, lakini mkwaruzo ukishaipenya ngozi hiyo, kuna sehemu ya filamu hutaiona tena.